Jumamosi za Mwalimu

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi Mwalimu alikuwa anasimama mlangoni mwa duka langu, anavua kofia yake ya sufu, anaikung'uta ukungu wa njiani, halafu anauliza swali lile lile: "Imekubali?"

Na mimi namjibu, "Bado kidogo tu, Mwalimu. Kaa hapo kwenye benchi."

Sikuiba kitu cha mtu na sikufumaniwa popote. Hata hivyo, katika mambo yote niliyowahi kuyafanya, hili ndilo ambalo nikilikumbuka nikiwa peke yangu jikoni najikuta nasema kwa sauti, "Mjinga wewe." Nilipewa kazi ya saa mbili. Niliifanya kwa Jumamosi tisa na sikuimaliza.

Nina stationery ndogo hapa Njombe mjini, kwenye barabara inayoshuka kutoka sokoni. Natoa fotokopi, nachapa barua za maombi ya kazi, napiga picha za pasipoti. Kwenye kwaya ya usharika wetu mimi ni katibu. Cheo hicho nilikipata kwa sababu nina kompyuta na kwa sababu nina mdomo, sijui kipi kilitangulia. Anayetuongoza ni nesi, mama wa makamo ambaye mazoezini hacheki, na nje ya mazoezi hucheka kidogo sana. Kabla yake, kwa miaka mingi, aliyetuongoza alikuwa Mwalimu.

Mwalimu ni mzaliwa wa Ipelele, kule juu Makete. Alifundisha shule za msingi mpaka akastaafu, na kila alikopangiwa aliacha kwaya. Mimi alinifundisha solfa nikiwa na miaka kumi na miwili: do, re, mi kwa herufi zake, nukta mbili za kutenganisha mapigo, kijistari cha kuvuta sauti. Ukikosea nukta anakugonga kidole kwa rula, si kwa nguvu, kiasi cha kukukumbusha tu. Sasa presha ya macho imemnyang'anya sehemu kubwa ya kuona kwake. Anamwona mtu aliyesimama mlangoni, anaona rangi ya gauni, lakini nukta kwenye karatasi hazioni tena. Anaishi kwa binti yake, kijiji kilicho mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka mjini. Bodaboda hapandi. Anasema zinampitisha haraka mahali ambapo bado anapaona.

Mke wake alipofariki, Mwalimu alitunga wimbo. Unahusu maua ya Kitulo, kule walikokuwa wanakatiza kwa miguu enzi za ujana wao wakienda kuwasalimia wakwe. Sauti ya kwanza inauliza ni nani aliyeyalima maua yale, na besi wanajibu kwamba hakuna jembe lililofika kule. Hakuna zaidi ya hapo, beti tatu, na jina la marehemu halitajwi popote.

"Mwanangu," aliniambia siku alipouleta, "besi nimeiimba nikienda shambani, sauti ya kwanza nimeiimba nikirudi. Ya pili na ya tatu naziimba nikiwa nimekaa nyumbani. Lakini wimbo wenyewe sijausikia. Mtu mmoja hana koo nne."

Alitaka kitu kimoja. Kwaya iuimbe kwenye tamasha la Makambako, yeye akiwa amekaa mbele, ausikie mara moja ukiwa mzima.

Kazi hiyo mimi na yeye tulikuwa tumeshaifanya mara nyingi. Yeye anaimba sauti moja moja, mimi naandika kwa penseli kwenye karatasi za mistari. Akimaliza zote nne namwimbia nilichoandika, anasahihisha, basi. Baadaye nanakili kwa maka peni kwenye karatasi za manila, zinabandikwa ukutani kanisani, na kwaya inajifunza. Wimbo wa beti tatu tulikuwa tunaumaliza kwa saa mbili, chai ikiwemo.

Safari hii nilikataa penseli. Mwaka uliotangulia, pale pale Makambako, kwaya moja ilikuja na nota zilizochapwa kwa kompyuta, zimetiwa kwenye mafaili ya plastiki, herufi zimejipanga utadhani kitabu cha dukani. Kila kwaya hutakiwa kuwapa majaji nakala za wimbo wake. Jaji mmoja alizipokea za wale akitabasamu, halafu akainua za kwetu, za mwandiko wangu, kwa vidole viwili, akauliza kama hiyo ni orodha ya vitu vya kununua sokoni. Watu wakacheka. Mimi nina hasira za karibu, hilo kila mtu usharikani analijua, na siku ile nilirudi Njombe bila kumsemesha mtu ndani ya gari.

Basi kwenye kikao cha kwaya, nesi aliposema kuna mtu Makambako anayechapa nota kwa malipo na tungeweza kumpelekea wimbo wa Mwalimu, nilisimama. Nikasema hakuna haja ya kumlipa mtu kwa kitu ambacho mtandaoni kimejaa tele bure. Nikasema mwaka huu nota zetu zitachapwa hapa hapa Njombe, dukani kwangu. Nilipigiwa makofi. Nilipenda makofi yale kuliko inavyostahili.

Jumamosi ya kwanza Mwalimu alikuja na wimbo wake kichwani na viazi kwenye mfuko, zawadi kutoka kwa binti yake. Nilikuwa napakua programu. Mtandao ulikuwa wa kusuasua, ule mstari wa kijani unasogea, unasimama, unasogea. Nikamwambia asubiri. Akasubiri mpaka saa sita, amekaa kwenye benchi kati ya mashine ya fotokopi na kabati la madaftari, anawaitikia shikamoo wateja wanaoingia. Saa sita mstari ukafika mwisho, kisha programu ikaanza kupakua kitu kingine chake yenyewe. Nikamwambia aje wiki ijayo.

Programu ile ilikuwa ya nota za mistari mitano, zile za vichwa vyeusi vyenye mikia. Kwaya yetu nzima haina anayezisoma, tunasoma solfa. Mtu mwenye akili angeifuta siku ile ile. Mimi nikaanza kujifunza mistari mitano. Nilitazama video za mafunzo wiki nzima, moja baada ya nyingine, mteja akiingia namwonyesha kwa mkono asubiri. Nilijiona msomi. Jumamosi ya pili na ya tatu Mwalimu alikaa kwenye benchi nikimweleza mambo ya mistari, naye akaitikia kwa adabu, "Enhe... enhe," mpaka mwishoni akauliza, "Na wanakwaya nao utawafundisha hiyo?"

Hapo ndipo nikaiacha, nikatafuta nyingine.

Ya pili ilijua solfa. Nilikaribia kupiga vigelegele. Mwalimu aliimba sauti ya kwanza yote nikaiingiza herufi kwa herufi, akaanza besi, na tulipofika mstari wa sita programu ikagoma. Toleo la bure lilikuwa na kikomo. Tena kurasa zake zikitoka kwenye printa zina maandishi makubwa ya kijivu yamekatiza katikati, jina la programu yenyewe, juu ya maneno ya mzee wa watu. Kabla sijaizima niliibonyeza iimbe tulichoingiza, ili Mwalimu asikie. Ikatoa kile kisauti chake cha bati.

Mwalimu akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Huyu ana mafua."

Tulicheka sana. Nakumbuka kicheko kile, na ninavyokikumbuka kinanichoma, kwa sababu nilikuwa na penseli mezani. Ilikuwa pale, kwenye kopo, na rula na ufutio. Alikuwa tayari, koo limeshachangamka, sauti ya kwanza ameimaliza, besi yuko katikati. Ningenyoosha mkono tu.

Ya tatu ilikuwa danganya toto ya kweli kweli. Ilikupa kila kitu, solfa, sauti nne, kurasa safi, kwa siku kumi na nne, mradi ujisajili. Nikajisajili. Jumamosi hiyo Mwalimu aliimba sauti ya pili na ya tatu, nami kwa kujihadhari nikamrekodi kwa simu, ingawa mashine ya fotokopi ilikuwa inanguruma nyuma yake. Niliingiza zote mbili. Zilipendeza. Nikasema nitamalizia besi polepole, nitapanga na maneno, hakuna haraka. Kisha zikaja siku za watu kufungua shule, foleni ya fotokopi ikafika barabarani. Nilipolifungua tena faili ilikuwa siku ya kumi na tano. Jina la wimbo nilikuwa naliona pale kwenye orodha, na tarehe, na kila kitu. Nikilibofya linakuja dirisha la kunitaka nilipie, kwa kadi ambayo sina.

Ningeweza kwenda kwa nesi nikasema nimekwama. Angenung'unika, angempigia mtu wa Makambako, na wimbo ungetoka. Lakini mimi ndiye niliyesimama kikaoni nikapigiwa makofi.

Nilikuwa bado nina rekodi kwenye simu. Sasa lisikilizeni hili. Nilipata programu ya nne, ya kwenye simu, iliyosifiwa sana na watu nisiowajua wa nchi nisizozijua. Nilipotaka kuipakua simu ikakataa, nafasi imejaa, imejaa vikorokoro vya programu nilizokuwa najaribu. Nikaanza kufuta nipate nafasi. Nikafuta picha za harusi ya jirani, nikafuta video za mafunzo ya mistari mitano, na nikafuta rekodi za Mwalimu, ya pili na ya tatu, kwa kidole changu hiki, huku nikijisemea kwamba si atakuja tu Jumamosi. Programu yenyewe ilipoingia ikazigeuza herufi za solfa kuwa vijisanduku vitupu.

Kweli alikuja Jumamosi. Akavua kofia. "Imekubali?"

Nikampiga kalenda. Kwa nini sikumwomba aimbe tena, siku ile au iliyofuata? Nilikuwa naona haya kumwambia kwamba zilizotangulia zimepotea. Nilitaka kwanza niwe na programu inayofanya kazi, ndipo nimwombe, nijifanye nahakikisha tu. Kwa hiyo akakaa kwenye benchi, akanywa chai ya rangi niliyomnunulia, akanisikiliza nikibofya. Hakuna kazi niliyoifanya kwa bidii maishani mwangu kama ile kazi ya kubofya. Muda wangu sikuuona kama kitu, kwa kuwa hakuna aliyeniletea risiti yake. Wa Mwalimu ndio hata sikuufikiria. Yeye ni mzee amestaafu, nilijisemea, ana haraka gani?

Mazoezini nesi aliniuliza mara tatu, Jumatano tatu mfululizo, nota ziko wapi. Ya tatu alipoona naanza maelezo, alifunga faili lake.

"Kwaya inahitaji wiki nne kushika wimbo mpya," alisema. "Hatuna tena wiki nne. Tutaimba ule wa mwaka juzi. Katibu, wewe nenda ukamwambie Mwalimu."

"Nitamwambia," nikasema.

Jumamosi iliyofuata alipoingia nilikuwa nimeyapanga maneno. Alikung'uta kofia. Aliuliza. Na mimi nikamwambia, "Inaelekea kukubali, Mwalimu." Maneno yalitoka yenyewe, yalivyozoea njia.

Jumatano nesi akaniuliza kama nimemwambia.

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Ameelewa."

Mimi nikiwa katibu, ndani ya kanisa, nimeshika daftari la mahudhurio. Nilijidanganya kwamba nitaipata programu, nitachapa yote, nitampelekea nesi nota zinazong'aa, na nota zitakavyong'aa atabadili msimamo. Mwalimu alikuja Jumamosi moja zaidi baada ya uongo ule. Nilikuwa kwenye programu ya sita.

Tulikwenda Makambako kwa Coaster ya kukodi, tumevaa majoho juu ya masweta. Upepo wa Makambako ulikuwa kwenye kazi yake, unapeperusha majoho na vumbi pamoja. Nilipomaliza kuhesabu walioshuka tukaingia kanisani, nikamwona Mwalimu. Alikuwa ameshafika. Binti yake alimleta kwa basi la asubuhi, na alikuwa amevaa koti la kahawia alilovaa siku ya kuagwa kazini. Alikuwa amekaa benchi la mbele kabisa, na alikuwa ameshawaambia wa kulia na wa kushoto. Nilijua kwa vile walivyotutazama tukipita, wakinong'onezana, "Ndio hao."

Kila kwaya iliimba nyimbo mbili, wa lazima na wa kuchagua. Tulipoimba wa lazima Mwalimu alitulia tu. Ulipoisha aligeuza kichwa, akatega sikio kuelekea kwetu, akaweka mikono magotini. Mtangazaji akataja jina la wimbo wetu wa pili. Sauti ya spika ilikuwa mbovu, nadhani hakulisikia sawasawa, kwa sababu hakubadilika. Nesi akainua mikono. Tukaanza.

Niliimba nikimwangalia. Ubeti wa kwanza wote alibaki vile vile, kichwa kimeinama upande, anasubiri, kana kwamba huo ni utangulizi tu wa wimbo wake. Kwenye kiitikio cha pili jirani yake alimwinamia akamuuliza jambo. Mwalimu akatikisa kichwa. Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, mzee yule wa kanisa tangu ujana wake: alichukua kofia yake mapajani akaivaa, ndani ya ibada, na binti yake ndiye aliyeivua.

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Nota tulizowapa majaji zilikuwa zile za mwaka juzi, fotokopi za mwandiko wangu, na jaji wa safari hii alizipokea akaziweka chini ya kikombe chake bila kuziangalia.

Wakati wa chakula Mwalimu aliniita. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje, upande usio na upepo, sahani ya wali na maharage magotini. Nesi alikuwa hatua tatu kutoka pale, anagawa soda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mmeimba vizuri. Ila sauti ya tatu wanakimbia."

"Tutawarekebisha."

Akala kijiko kimoja. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ya kunilinda mimi, "Mwanangu, nikuulize. Wimbo wangu ulikuwa na kasoro wapi?"

"Hauna kasoro, Mwalimu."

"Usiogope. Mimi nimeongoza kwaya muda mrefu. Watu walikuwa wananiletea nyimbo zao, nyingine mbaya mpaka unamwonea huruma mwenyewe. Sasa mtu mzima utamwambiaje kwamba wimbo wake haufai? Nilikuwa nawaambia chaki imeisha. Njoo wiki ijayo, chaki imeisha. Wiki ijayo tena, haijaletwa. Mpaka anaacha mwenyewe kuja, na heshima yake anabaki nayo." Akatabasamu kuelekea nilipokuwa. "Kwa hiyo hiyo kompyuta yako nilianza kuielewa, nadhani Jumamosi ya saba. Ila nikasema ngoja niendelee kwenda, labda nakuwazia vibaya. Leo ndio nimehakikisha."

Nilikuwa na ukweli mdomoni. Ningesema, Mwalimu, wimbo wako ni mzuri kuliko tulioimba leo, mimi ndiye niliyepoteza Jumamosi zako tisa nikitafuta vya bure. Lakini nesi alikuwa anasikia, na nesi nilishamwambia kwamba Mwalimu ameelewa. Na kulikuwa na jambo jingine, baya zaidi, ambalo mpaka leo sijamwambia mtu. Kwa maelezo yale ya Mwalimu mimi nilikuwa mtu mwema. Nilikuwa mwenye adabu, niliyemstahi mzee. Nilipokaa kimya nilibaki mwema, na yeye akabaki na wimbo mbaya.

"Kula kwanza, Mwalimu," nikamwambia. "Chakula kinapoa."

Akala.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Saa tatu ilipopita nilijikuta nautazama mlango. Na iliyofuata hakuja. Jumatatu baada ya hapo nilifunga duka nikachukua karatasi za mistari, penseli na ufutio, nikaishika njia ya kwao kwa miguu. Sikuwahi kuitembea. Ina mlima mmoja mrefu, halafu bonde lenye tope hata wakati wa kiangazi, halafu mlima mwingine kupita mashamba ya chai. Watu wa njiani walinisalimu "Kamwene," nami naitikia huku nahema. Kwenye mlima wa pili nilikaa chini, mimi mwenye miaka arobaini na moja na macho mazima. Mwalimu alikuwa ameipanda njia ile, kwenda na kurudi, mara tisa, ili aje kuambiwa bado kidogo.

Nilimkuta amekaa nyuma ya nyumba, juani. Nilimwambia yote. Sikuacha kitu: jaji wa orodha ya sokoni, makofi ya kikaoni, mistari mitano, kikomo cha mstari wa sita, siku kumi na nne, rekodi nilizofuta, uongo niliomwambia nesi. Nililia pia, bila kupanga. Nilimwambia kwamba wimbo wake haukuwa na kasoro hata siku moja, na kwamba hakuna aliyeukataa, hakuna aliyeusikia hata apate nafasi ya kuukataa.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyoisikiliza ile sauti ya bati.

"Umekuja kwa miguu?" akauliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi una moyo mzuri. Umetoka mbali kuja kunifariji."

"Sijaja kukufariji. Ni kweli tupu."

"Sawa," akasema.

Ilikuwa sawa ya kumtuliza mtoto. Nikaona kwamba kila nilichomweleza, programu hii ilikataa, ile iligoma, nyingine ilijifunga, hakikuwa na tofauti yoyote na yale niliyomwambia Jumamosi zote tisa. Ukweli niliomletea ulikuwa na maneno yale yale ya uongo.

Nikatoa karatasi. Nikamwambia sauti ya kwanza ninayo yote, na besi hadi mstari wa sita, zimebaki kwenye ile programu ya pili na nimezinakili kwa mkono. "Niimbie ya pili, Mwalimu. Leo tunaimaliza hapa hapa. Nesi nitamweleza mwenyewe, tutauimba kanisani, hatungoji Makambako."

Akainua kidevu, akavuta pumzi, kama anavyofanya akitaka kuanza. Niliweka ncha ya penseli kwenye mstari. Nikasubiri. Akaitoa ile pumzi bila sauti.

"Ya pili nimeisahau," akasema.

"Na ya tatu?"

"Zilikuwa zinakwenda pamoja."

Akamwita binti yake aniletee chai. Nilikaa nikainywa, karatasi magotini, huku nikiukagua uso wake. Sikuweza kujua kama kweli amesahau au ananikatalia kwa upole, kama alivyoamini kwamba mimi nilimkatalia. Njia nzima ya kurudi niliomba iwe ananikatalia, maana hapo wimbo utakuwa bado upo.